Kumtoa kijana wa thamani kwa mrushaji wa inningi moja: San Diego walinunua nini?

SWALI: Kocha, habari za kazi. Naishi San Diego mwaka wa nne sasa, na besiboli nimeijulia hapa hapa kupitia mwanangu wa miaka 12. Julai 2025 timu yetu ya Padres ilimchukua Mason Miller kutoka Athletics, ikatoa vijana wanne, mmoja wao yule Leo De Vries ambaye wenzangu kazini waliapa kuwa atakuwa nyota. Sasa huyu Miller anaingia mwishoni, anarusha inningi moja, kipindi kimoja tu kati ya tisa, basi. Mchezaji wa kila siku anatolewaje kwa mtu wa robo saa? Ni spidi tu, au kuna hesabu mimi siioni? Na mwanangu naye anataka kurusha kama yeye. Nimwache?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Hesabu ipo, na hata wewe umeshaishika nusu yake.

Tuanze na hiyo nusu yako. Msimu una mechi 162, na timu moja hurusha inningi zinazokaribia 1,450. Miller mwaka 2024, msimu uliomtangaza, alirusha 65. Haifiki hata 5 kwa 100. Upande wa pili yupo De Vries, kijana wa Jamhuri ya Dominika, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, ambaye Padres wenyewe walimsajili Januari 2024 kwa dola milioni 4.2. Siku anauzwa alikuwa na miaka 18. Pamoja naye wakaondoka warushaji watatu: Braden Nett, Henry Baez na Eduarniel Núñez. Padres walimpata Miller na mrushaji wa kuanza, JP Sears. Ukipima kwa wingi wa inningi, Padres walipunjwa.

Ila inningi hazina uzito mmoja. Mrushaji anayeanza mechi anapewa inningi ya kwanza hata kama mechi yenyewe itakwisha 11 kwa 1. Hachagui. Mrushaji wa kupokea, yaani yule anayeingia baada ya aliyeanza kuchoka, anachaguliwa saa yake. Kocha anamweka benchi siku timu imeshashinda au imeshapotea, halafu anamwita inningi ya nane, mko mbele 3 kwa 2, wapinzani wana watu kwenye besi mbili. Zile inningi 65 si za kuokota, ni zile ambazo mechi ndipo inapokatikia. Na kwa kuwa atakutana na wapigaji watatu au wanne tu, hana haja ya kubana nguvu kama anayeanza, ambaye lazima mkono umfikishe mitupo 90 na ambaye wapigaji wakimwona mara ya tatu wanakuwa wameshamsoma.

Sasa spidi. Tarehe 1 Oktoba 2025, Wrigley Field, Chicago, mechi ya pili ya mtoano dhidi ya Cubs, Miller alimtoa Carson Kelly kwa mtupo wa maili 104.5 kwa saa, kama kilomita 168. Haujapimwa mtupo wa kasi zaidi ya huo katika hatua ya mtoano tangu vipimo vya sasa vianze mwaka 2008. Kutoka kilimani, anaposimama mrushaji, hadi besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, ni mita 18.4, na mrushaji akishanyoosha mguu na mkono anaachia mpira akiwa ameshamega karibu mita mbili za hizo. Mpira unafika chini ya sekunde 0.4. Mpigaji anatakiwa awe ameshaamua kabla mpira haujamaliza nusu ya njia, maana nusu iliyobaki anaihitaji kulizungusha gongo.

Lakini nikwambie ninachowaambia vijana wangu kila wiki: wapigaji wa ligi hii, ukiwarushia mpira wa maili 100 ulionyooka mara tano, wa sita wanaupiga. Kinachowaua ni slaida ya Miller, mpira wake unaochepuka. Tazama mkono wake kwa makini utakapokuwa uwanjani: mwendo ni ule ule, bega lile lile, kiwiko kinapita pale pale. Tofauti ni vidole tu. Kwenye mpira wa kasi vidole viwili vinakaa juu, vinavuka mshono, na mpira unatoka ukizunguka kurudi nyuma. Kwenye slaida vinasogea upande, vinaukata mpira ubavuni. Unakuja pole kwa zaidi ya maili 10, unachepuka na kuzama. Mpigaji aliyejiandaa kwa 103 anakuwa ameshapiga hewa. Mwaka 2024 Miller alitoa watu 104 kwa straiki, yaani walimaliza nafasi zao tatu bila kuuingiza mpira uwanjani, katika zile inningi 65. Kila inningi ina auti tatu, yaani wapigaji watatu kutolewa, basi inningi 65 ni auti 195, kwa hiyo zaidi ya nusu ya auti zake mpira haukuingia uwanjani kabisa. Mpira usioingia uwanjani hauna bahati mbaya: hauteguki, haumpiti mlinzi, haudondoki katikati ya watu wawili.

Nusu ya hesabu ambayo wenzako kazini pengine hawakukuambia ni miaka. Mchezaji wa Ligi Kuu ya besiboli hawi huru kujiuzia mpaka atimize miaka 6 ya utumishi. Kwa kawaida mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, na inayofuata mshahara unapanda kwa mapatano na usuluhishi. Miller alianza Aprili 2023. Maana yake Padres wanaye hadi mwisho wa msimu wa 2029. Hawakununua miezi miwili, walinunua theluthi ya msimu mmoja na misimu minne mizima.

Linganisha na Julai 2016. Cubs walimchukua Aroldis Chapman kutoka Yankees, naye mkataba ulikuwa unaisha mwaka ule ule. Wakamtoa Gleyber Torres, kijana wa nafasi ile ile ya De Vries. Cubs wakatwaa ubingwa waliokuwa wameukosa tangu 1908, na Desemba Chapman akarudi zake Yankees. Yankees wakawa na Chapman tena, na Torres, ambaye alikwenda mechi ya nyota 2018 na 2019. Sijamsikia shabiki wa Cubs akijuta, na mimi singejuta. Lakini ule ulikuwa mkopo. Padres wamenunua nyumba.

Ubingwa haujaja nao. Siku ile ya Chicago Miller alitoa watano kwa straiki na Padres wakashinda 3 kwa 0, kesho yake wakafungwa 3 kwa 1 na msimu ukaisha. Mrushaji wa mwisho hulinda uongozi. Uongozi usipokuwepo, hana cha kulinda.

Na nyumba yenyewe ina ufa unaojulikana. Mwaka 2023 Miller aliumia kano ya ndani ya kiwiko, akakaa nje kwa miezi. Ile kano ikikatika kabisa ni upasuaji wa kuweka kano nyingine mahali pake, ule aliofanyiwa kwanza Tommy John na Dakta Frank Jobe mwaka 1974, na kurudi kilimani huchukua mwaka hadi mwaka na nusu. Kila mtupo wa maili 104 unaivuta kano hiyo. Ningekuwa mimi mwenye kuamua, ningekubali biashara hii kwa sababu ya ile miaka, ila ningemnyima kocha ruhusa ya kumrusha siku tatu mfululizo mwezi wa Mei.

Kwa mwanao. Mwambie Miller hakurusha hivi akiwa na miaka 12, wala 19. Alikuwa chuo kidogo cha Waynesburg, Pennsylvania, akikonda bila kujua sababu, mpaka vipimo vikaonyesha ana kisukari cha aina ya kwanza. Alipoanza insulini na kula sawasawa mwili ukajaa, na spidi ikaja nyuma ya mwili. Mwili kwanza.

Kwa umri wake kikomo cha Little League, ligi ya watoto, ni mitupo 85 kwa siku, na akipita 65 anapumzika siku 4 kamili. Nunua kihesabio kidogo cha mkononi, hesabu mwenyewe, usimtegemee kocha wa timu aliyebanwa na mchezo. Akichezea timu mbili, mitupo ya zote mbili inajumlishwa, na hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea. Kila mwaka apate angalau miezi minne bila kurusha, miwili au mitatu kati yake ikifuatana, acheze soka. Slaida asiiguse sasa. Mfundishe mpira wa kasi na ule wa pole unaorushwa kwa mwendo ule ule wa mkono. Na akikwambia kiwiko kinauma upande wa ndani, hata kidogo, hata ikiwa ni fainali, mtoe siku hiyo hiyo umpeleke kwa daktari.