Bosi anataka nimfundishe atakayechukua kazi yangu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 44, na 19 kati ya hiyo nimeimalizia kwenye kiwanda kimoja cha pampu za maji. Niliingia kama kibarua wa kupakia, leo ni msimamizi wa laini ya kuunganisha. Mwezi uliopita tuliitwa zamu zote mbili, tukaambiwa kiwanda kinafungwa na mashine zinahamishiwa ng'ambo. Maswali hayakuruhusiwa. Wiki iliyofuata bosi akaniita peke yangu. Akasema kuna watu watatu wanakuja kutoka kiwanda kipya, niwafundishe kwa miezi minne, na nikibaki hadi siku ya mwisho nitaongezewa mshahara wa miezi mitatu juu ya mafao yangu. Ila nisimwambie mtu. Nikakubali palepale.

Siri ilivuja. Sasa nikikaa mezani wakati wa mapumziko, wenzangu wanahama. Mdogo wangu, ambaye mimi ndiye niliyemwingiza kazini, hanisemeshi. Mke wangu bado sijamwambia hata kama kiwanda kinafungwa. Wageni wenyewe wamefika na nawachukia, ingawa mmoja ni kijana mpole anayeandika kila ninachosema kwenye daftari. Kuna siku natamani nimfundishe vibaya makusudi. Isitoshe, uongozi unaandaa sherehe ya kutuaga, na keki na fulana zenye nembo ya kampuni. Nifanye nini, Shangazi? Na hiyo sherehe, niende?

Ni mimi, Msaliti

---

Marahaba, mwanangu. Hilo jina ulilojipa sitakuita.

Nianze na mkeo, maana hilo halina mjadala. Mwambie leo. Kiwanda chenye zamu mbili hakifungwi kimyakimya. Wenzako wana wake na waume, na hao wana midomo. Ninavyofikiri mimi, ama ameshasikia na anakungojea useme, ama atasikia wiki hii kutoka kwa mtu ambaye hana huruma naye. Usiende kwake na "usijali, nitapanga". Nenda na hati ya mshahara, na deni lolote mlilonalo, na barua ya kampuni kama mmepewa, mkae mhesabu pamoja. Mtu anayekaribia kupokea fedha za mkupuo hazamishwi na ukosefu wa fedha tu, huzamishwa pia na maamuzi aliyoyafanya peke yake kwa aibu.

Sasa tuje kwenye usaliti. Umeuliza kana kwamba swali ni kufundisha au kutofundisha. Mimi naona umekosea kwingine. Ulikubali ukiwa peke yako, kwa siri, kwa bei aliyoitaja bosi. Hapo ndipo wenzako wanapoumia, hata kama wao wenyewe wanalipigia kelele daftari la yule kijana.

Hali hii si yako tu. Kampuni ya Rexnord ilipoamua kuhamisha kiwanda chake cha beringi kutoka Indianapolis, Marekani, kwenda Monterrey, Mexico, mwaka 2016, wafanyakazi waliambiwa wakitaka wanaweza kuwafundisha watakaochukua nafasi zao na kuongezewa malipo. Kuna waliokubali kwa sababu ya watoto wao, kuna waliokataa katakata na kuwaona wenzao wamejiuza. Kiwanda kilifungwa vilevile. Kilichobaki ni watu waliofanya kazi bega kwa bega miaka mingi, sasa hawatazamani. Mwaka 2012, huko Freeport, Illinois, wafanyakazi wa kiwanda cha kampuni ya Sensata nao waliwafundisha wahandisi kutoka China kazi ambazo zilikuwa zinaondoka, kisha wakapiga mahema ng'ambo ya barabara ya kiwanda hichohicho kupinga. Waliwafundisha na wakapinga, vyote viwili. Sioni ajabu yoyote hapo.

Hebu jiulize kwa nini bosi alikuomba usiseme. Mashine anaweza kuzing'oa na kuzipakia kwenye kontena. Vitabu vya maelekezo anavyo. Lakini ile namna ya kusikia pampu ikizunguka ukajua beringi haijakaa sawa, kabla kipimo chochote hakijasema, haimo kitabuni. Iko masikioni mwako, na iko kwa yule wa kituo cha pili anayejua boliti ipi ikikazwa kwanza kasha linapinda, na kwa mama wa ukaguzi anayeona mpira wa kuzuia maji umekatwa vibaya akiwa mita mbili. Kiwanda kipya kikianza bila hayo, miezi ya kwanza ni ya bidhaa kurudishwa na wateja kulalamika, na hasara hiyo kwa kampuni ni kubwa mno ukiilinganisha na mishahara yako mitatu. Ndiyo maana waliitaka kimya. Ukiuza peke yako, hujui wenzio wanauza kwa ngapi, na mnunuzi anajua bei ya kila mmoja wenu.

Kwa hiyo usikatae kufundisha. Kataa siri. Nenda kwa mwakilishi wenu wa chama cha wafanyakazi, na kama hamna chama, basi kwa wazee wa kila laini mnaowaamini. Weka mezani ulichoahidiwa, takwimu na yote. Watakutukana kidogo. Vumilia, wana haki ya dakika zao tano. Kisha semeni kitu kimoja kwa uongozi, kwamba mafunzo yataendelea bila mizengwe mara makubaliano ya kufunga yatakapoandikwa na kusainiwa kwa ajili ya wote.

Hilo si ndoto. Nokia ilipotangaza Januari 2008 kwamba inafunga kiwanda chake cha Bochum, Ujerumani, chenye watu wapatao 2,300, na kupeleka kazi Cluj, Romania, mji mzima uliingia barabarani. Kiwanda hakikuokolewa. Lakini kampuni iliishia kutenga euro milioni 200 kwa ajili ya wafanyakazi walioachwa. Mtu mmojammoja asingeipata fedha hiyo hata angekuwa fundi bora kuliko wote.

Katika mazungumzo hayo, kwako binafsi nataka bonasi yako iandikwe kwa tarehe ya kalenda. "Hadi siku ya mwisho" ni maneno ya kukunasa. Siku ya mwisho ya nani? Kontena zikichelewa miezi mitatu, utabaki unangoja? Wakikuruhusu mapema kwa sababu vijana wameelewa haraka, umeipoteza? Ukipata kazi nyingine mwezi wa tatu, unapewa sehemu? Na fedha ikae wapi mpaka siku hiyo? Naomba hili la mwisho ulishike sana. Desemba 2008 kiwanda cha Republic Windows and Doors, Chicago, kilifungwa kwa notisi ya siku tatu, wakati sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inawataka waajiri wa ukubwa ule watoe siku 60. Malipo ya likizo na notisi waliyodai wafanyakazi yakawa hayaonekani. Ikabidi wakalie kiwanda siku sita ndipo mabenki yaliyokuwa yakikikopesha yakatoa fedha. Kampuni inayoondoka nchini ni ngumu kuifuata kuliko iliyopo. Dai linalolipwa kabla mashine ya mwisho haijatoka getini ndilo dai.

Kwa wenzako wote, ulizeni mtalipwa kiasi gani kwa kila mwaka wa utumishi, likizo ambazo hamkuzichukua zitakuwaje, michango ya pensheni imepelekwa yote au kuna miezi imerukwa, na kila mtu apewe cheti kinachotaja kazi aliyoifanya kwa jina lake. "Mfanyakazi wa kiwanda" haimsaidii mtu popote, lakini "fundi wa kuunganisha na kupima pampu" inamsaidia. Sheria ya nchi yenu itafuteni kwa mtu anayeijua, idara ya kazi au mwanasheria wa chama. Kuna Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982. Katika nchi zilizouridhia, mwajiri anayekusudia kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi anatakiwa awape wawakilishi wa wafanyakazi taarifa mapema na azungumze nao jinsi ya kupunguza machungu. Mkutano usioruhusu maswali haufanani na hayo hata kidogo. Na karatasi yoyote inayosema "sina madai mengine" isisainiwe siku ileile inayotolewa. Chukueni nakala, mlale nayo nyumbani.

Mdogo wako ni jambo zito kuliko unavyolifikiria. Wewe una miaka 19, mafao yako yatakuwa na uzito. Yeye aliingia juzi tu ukilinganisha nawe, na kwa hesabu ya miaka ya utumishi ataambulia kidogo mno. Kiwanda kimoja, kifo kimoja, lakini ninyi wawili hamfiwi sawa. Halafu akasikia kutoka kwa watu kwamba kaka yake, mwenye fungu kubwa tayari, kaongezewa jingine gizani. Mfuate kabla hujawafuata wengine. Mtajie kiasi. Usimwambie "nilifanya kwa ajili ya familia", maana naye ni familia na hakuulizwa. Kisha mwonyeshe una nia gani. Kwenye madai yenu wekeni kiwango cha chini cha malipo kwa waliotumikia miaka michache, na wewe mwenye miaka mingi ndiye ukiseme hadharani. Akikusikia ukipigania fungu la wadogo badala ya lako, atakuja mwenyewe. Asipokuja mwezi huu, atakuja mwaka ujao. Mpe muda.

Kumfundisha vibaya yule kijana, usithubutu. Umri wote huo kwenye mashine na bado unahitaji mimi nikukumbushe vidole vinavyokatika? Ukimfundisha vibaya, atakayeumia ni mtu wa zamu ya usiku ambaye hujawahi kumwona, na wewe watakuwa wamepata sababu safi ya kukufukuza kwa utovu wa nidhamu bila senti. Bosi hatapata hata mkwaruzo.

Na chuki uliyonayo kwa kijana huyo, naielewa, lakini ichunguze inaelekea wapi. Ile Cluj iliyopokea kazi za Bochum mwaka 2008, mnajua ilivyokwisha? Septemba 2011 Nokia ikatangaza inafunga na huko, kazi zinasogezwa Asia. Miaka mitatu na kitu tu. Inawezekana huyu kijana anayeandika daftarini naye siku moja atakaa na kijana mwingine mwenye daftari. Mwulize analipwa kiasi gani, mkataba wake ni wa miezi mingapi, kama wana chama. Utajifunza mengi ya kusema mezani na uongozi, na yeye atajua ya kuuliza akirudi kwao.

Kuna jambo hukuniuliza, nalo linanitia hofu kuliko yote. Miezi ile baada ya kufungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watafiti walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa na karibu kila nyumba haina kazi. Ungedhani watu wenye muda wote huo wangesoma zaidi. Walikuta vitabu vinavyoazimwa kwenye maktaba ya wafanyakazi vimepungua karibu nusu. Wanaume walitembea taratibu, wakisimama kila hatua, na walipoulizwa wamefanya nini tangu asubuhi hawakuweza kueleza. Wanawake hawakupata anasa hiyo, kwa kuwa nyumba haifungwi.

Kwa hiyo miezi hii minne itumie. Ombeni saa za kulipwa za kwenda kwenye usaili. Na ufikirie hili: kazi ya kutengeneza pampu inahama, lakini pampu mlizotengeneza miaka 19 hazihami. Ziko visimani, mashambani, kwenye majengo, na zinaharibika kila siku. Aliyeziunganisha ndiye anayejua zinavunjikia wapi. Andika orodha ya wateja na mafundi unaowafahamu, uliza uongozi vipuri vitapatikana kwa nani baada ya kufunga. Labda wewe na mdogo wako mna kitu hapo, labda hamna. Lakini usitumbukize mafao yote kwenye biashara mwezi wa kwanza, hiyo au nyingine. Fedha ya kiinua mgongo ina harufu, na watu wenye mawazo mazuri ya biashara huifuata kutoka mbali. Ikae benki kwanza, wewe na mkeo mkiishi kwa bajeti ndogo, mpaka vichwa vipoe.

Sherehe? Kama makubaliano yamesainiwa kabla ya siku hiyo, nenda, ni haki yenu kuagana na watu mliozeeka nao, na keki haina kosa. Fulana si lazima uivae. Kama hayajasainiwa, waulize wenzako wamepanga nini, maana picha za watu wanaokata keki hutumika baadaye kuonyesha kwamba kila mtu aliridhika. Wakiamua kususa, susa nao. Wakiamua kwenda na mabango, waulize kama kuna bango la ziada.

Shangazi