Prodyuza alitukata chemko, akatuibia dramu, na bado namtetea (kwa sehemu)

Mleta mada anauliza kama prodyuza ana haki ya kusema ametunga wimbo wa bendi, au ni fundi tu wa kubonyeza vitufe na kusubiri hela yake. Wengi hapo juu mmejibu kwa mifano ya Bongo Fleva, na huko kweli hakuna ubishi. Biti inakuwepo kabla msanii hajashuka kwenye bodaboda. Sikiliza kazi za prodyuza P-Funk Majani wa Bongo Records miaka ya 2000 mwanzoni, utamtambua yeye kabla hujamjua anayechana. Bendi ni habari nyingine. Bendi inaingia studio na wimbo umeshapigwa ukumbini miezi sita, watu wanaucheza, kila mmoja anajua anaingia wapi. Sasa prodyuza anakuja kuongeza nini?

Mimi nimepiga gitaa la rithim kwenye bendi ya dansi hapa Dar miaka 11. Mazoezi Mwananyamala, wikiendi Kinondoni na Temeke. Majina ya bendi na studio siyataji, maana wahusika wapo mjini na tunasalimiana.

Tulikwenda na wimbo wa dakika 9. Dakika 4 za mashairi, zinazobaki chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi ambayo watu wanacheza. Prodyuza, kijana mdogo kuliko sisi wote, alitusikiliza mpaka mwisho hajasema neno. Halafu akamgeukia mpiga tumba: "Kaka, mwimbaji anapoimba wewe unamjibu nani?" Tumba akasema ndivyo tunavyopiga. Akaombwa anyamaze kwenye mashairi yote, aingie kwenye kiitikio. Tukarudia. Wakuu, siku ile ndiyo niliyosikia besi yetu kwa mara ya kwanza, na mpiga besi nilikuwa nasimama naye bega kwa bega miaka mitatu!

Kisha akanijia mimi. Akasema mimi na mpiga gitaa la second solo tunagombania chumba kimoja, mmoja ahame. Nikahamishwa mimi: mkono juu kabisa ya shingo ya gitaa, na nipige nusu tu ya nilichozoea. Nilinuna. Kupunguziwa kupiga ni kama kupunguziwa chakula mbele ya wageni. Lakini hiyo nusu ndiyo watu wanayonitania nayo mpaka leo nikipita mtaani, ile nzima hakuna anayeikumbuka.

Kwenye chemko ndipo palipochafuka. Alitaka ibaki dakika moja na nukta, kwamba redio haipigi wimbo wa dakika 9. Kiongozi wetu, mtu mzima, alitoka nje akavuta sigara mbili mfululizo. Kwake chemko ndiyo wimbo, mashairi ni mlango tu wa kuingilia. Mwishowe alikubali, shingo upande.

Wazee wanasema enzi zao hapakuwa na prodyuza. Ni kweli kwa jina. Pale Radio Tanzania, barabara ya Pugu, bendi ilifika na wimbo umeiva, wakapiga wote kwa pamoja, utepe unazunguka, kwisha. Mpangaji wa muziki alikuwa ndani ya bendi yenyewe: Mlimani Park walikuwa na Michael Enock, na watu walimwita King si kwa sababu ya ukarimu wake. Kazi anayoifanya prodyuza leo yeye aliimaliza mazoezini. Na hata yule fundi mitambo aliyeamua nani asogee kwenye maikrofoni na nani arudi nyuma, alikuwa anaamua utasikia nini nyumbani kwako. Kwa hiyo kazi ilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba imehamia kwa mtu wa nje, ambaye kesho ana bendi nyingine.

Mtu wa nje si lazima awe balaa. Wapenzi wa rege wanaijua albamu ya Catch a Fire ya Wailers, bendi ya Bob Marley, 1973. Walirekodi Jamaika, kisha kanda zikapelekwa London, prodyuza Chris Blackwell akaongeza gitaa la Wayne Perkins, Mmarekani ambaye rege ilikuwa ngeni kwake, na kinanda cha Rabbit Bundrick, ili vijana wa roki wa kule waelewe. Mwaka 2001 miksi ya Jamaika ikatolewa pia, zisikilizeni zote mbili. Nyimbo ni zilezile, ila wageni walioalikwa ni tofauti. Na Marley alikuwepo London kazi ikifanyika. Mlinganishe na Paul McCartney wa Beatles, ambaye mwaka 1970 prodyuza Phil Spector alimwekea ala za nyuzi na kwaya ya akina mama kwenye The Long and Winding Road bila kumuuliza. Mpaka 2003 ndipo Beatles walipoitoa albamu yenye wimbo huo upya bila mapambo hayo.

Sisi yalitukuta ya McCartney. Tulipoondoka studio, prodyuza alitoa dramu zote za mwenzetu akaweka za kompyuta. Hakumwambia mtu. Mpiga dramu wetu alizisikia, au niseme hakuzisikia, akiwa ndani ya daladala Ubungo. Hakugomba. Alianza kuchelewa mazoezi, na baada ya miezi mitatu alikuwa bendi nyingine. Kwa hili simtetei prodyuza hata kidogo. Kumnyamazisha tumba mbele yake, akaelezwa sababu, ni kazi. Kumfuta mtu usiku ni kitu kingine, hata kama dramu za kompyuta zimekaa vizuri. (Zilikaa vizuri. Ndiyo inavyouma zaidi.)

Kituko kikaja Temeke. Wimbo ulipoanza kuvuma redioni, watu ukumbini wakawa wanataka "ile ya redioni". Tukipiga dakika 9 wanakaa kwenye dakika ya sita. Tukalazimika kujifunza upya wimbo wetu wenyewe kutoka kwenye simu.

Sasa, kutunga. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamtenga mtunzi, mpigaji na mtayarishaji wa rekodi, kila mmoja na haki yake. Kwangu mimi kukata na kupanga si kutunga, alipwe hela yake ya kazi vizuri. Steve Albini, aliyewarekodi bendi ya roki ya Nirvana mwaka 1993, aliwaambia anataka kulipwa kama fundi bomba, akakataa kula asilimia ya mauzo. Ila kuna jambo sijawahi kulisema hadharani. Ule mstari wa tarumbeta unaofungua wimbo wetu, ambao kila mtu anauimba, si wetu. Prodyuza aliupiga mluzi wakati anatafuta waya, mpiga tarumbeta akaudaka. Huko ni kutunga, mchana kweupe, na kwenye fomu ya usajili kiongozi wetu aliandika jina lake mwenyewe tu. Sote tulikuwa pale, hakuna aliyefungua mdomo.

Nilikutana na yule kijana Magomeni, sasa ana kitambi. Nikamkumbusha ule mluzi, nikitegemea ataanza kudai. Akasema haukumbuki kabisa. Nikamwambia ajaribu. Akaupiga, akaukosea.