Kabla Hujakubali Kusomesha Maabara

Nilipokuwa mwaka wa nne wa shahada ya uhandisi wa umeme hapa Mombasa, mhadhiri mmoja aliniomba niwe msaidizi wake katika maabara ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa muda wa saa tatu kila Jumatano alasiri. Nilikubali papo hapo, nusu kwa sababu ya posho na nusu kwa sababu ya sifa, wala sikujiuliza kama ninayajua hayo ninayokwenda kuyasomesha. Ikiwa nawe umeombwa kazi ya namna hiyo, nisikilize kidogo kabla hujaitikia.

Lililo kubwa ni kwamba jambo ulilofaulia mtihani usilihesabu kuwa unalijua mpaka uweze kulieleza kwa Kiswahili. Sisi tunafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na istilahi ya kigeni ina tabia ya kuziba pengo: ukiitamka sawasawa, wewe mwenyewe unaona umeeleza. Wiki ya tatu tulikuwa tukipima umeme wa transfoma ndogo inayoshusha volti 240 za ukutani hadi 12, kwa mita na kwa osiloskopu, chombo kinachochora wimbi la umeme. Kijana mmoja akaniita: "Dada, mita inasema 12, lakini kwenye osiloskopu wimbi linapanda hadi karibu 17. Ipi inasema kweli?" Nikamjibu kwamba zote mbili zinasema kweli, agawanye tu hiyo 17 kwa kipeuo cha pili cha 2. Akagawanya, akapata 12, akaniangalia. "Na kwa nini iwe 2, isiwe 3?"

Nilikuwa nimeitumia kanuni hiyo kwa miaka mitatu, na sikuwa na la kumwambia. Nikamwambia sijui, nitamletea jibu Jumatano ijayo.

Usiku huo ndipo nilipoisoma kwa mara ya kwanza, ingawa daftari langu lilikuwa limejaa hesabu zake. Mkondo geu hupanda na kushuka, mizunguko 50 kwa kila sekunde, kwa hivyo hauna thamani moja ya kuutajia. Kinachotajwa na mita ni volti ngapi za betri ambazo zingetoa joto lile lile. Joto nalo hufuata kipeo cha pili cha volti. Basi chukua 17 mara 17, upate 289. Wimbi halikai kileleni muda wote, na ukipiga wastani wa vipeo vyake vya pili kwa mzunguko mzima, unapata nusu ya kile cha kileleni, yaani 144 na nusu, ambayo kipeuo chake ni 12 na kidogo. Ile 2 inatokana na nusu hiyo, hakuna zaidi. Jumatano nilikwenda na balbu mbili za indiketa ya pikipiki, moja nikaiunga kwenye betri ya volti 12 na nyingine kwenye transfoma, zikawaka kwa mwanga mmoja, na yule kijana akaanza mwenyewe kukokotoa kilele cha umeme wa nyumbani kwao: karibu volti 340. Hapo hapo akaelewa kwa nini kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) iliyoandikwa volti 250 haifai kuwekwa baada ya kunyoosha umeme wa ukutani, yaani kuufanya uende upande mmoja tu, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelikariri tu.

Neno "sijui" nililiogopa sana mwanzoni, na sikuwa na sababu. Sisi tuliosoma chuoni, kwa maana ya chuo wanayoijua watu wa pwani, yaani madrasa ya Kurani, tulizoea kumwona mwalimu akimpa mwanafunzi mkubwa wadogo watatu au wanne awasikilize, naye akikwama kwenye aya hurudi kwa mwalimu mbele ya hao hao wadogo. Hakuna aliyemcheka. Kinachomvunjia msaidizi heshima ni jibu la kubuni, kwa sababu wanafunzi watalibeba hadi kwenye mtihani.

Katika kusahihisha ripoti, tafuta vipimo vilivyo vizuri mno. Rezista (kipande kinachozuia mkondo) yenye mistari ya kahawia, nyeusi, nyekundu na dhahabu ni ya omu 1,000, lakini ule mstari wa dhahabu unaruhusu asilimia 5 juu au chini, kwa hivyo yoyote kati ya 950 na 1,050 ni halali. Kundi linaloniletea rezista tano zote za 1,000 kamili halikupima kitu. Muhula wa kwanza niliwapa watu hao alama nzuri kwa sababu jedwali lao lilikuwa safi, na waliopima kwa uaminifu wakapata 983 na 1,012 nikawaandikia "rudieni". Hadi leo nalionea haya jambo hilo.

Fyuzi za mita nunua mapema. Kila kundi jipya lina mtu atakayeiacha mita kwenye kupima mkondo kisha aiweke sambamba na chanzo cha umeme, fyuzi ikaungua, na mimi pia niliwahi kuwa mtu huyo.

Kuhusu muda, afikiane na wewe aliyekuajiri kabla ya siku ya kwanza, tena kwa maandishi. Saa tatu zangu zilikuwa saa tatu za maabara tu; maandalizi na kusahihisha viliongeza nyingine sita, na mimi nakaa Likoni, ambako foleni ya feri jioni ina hesabu zake. Muhula huo nilianguka mtihani mmoja wa katikati, somo la mifumo ya udhibiti, na hakuna mhadhiri aliyenipunguzia chochote kwa kuwa nilikuwa nikisaidia wengine. Sasa nasahihisha Alhamisi asubuhi, na ikifika saa sita nafunga, hata kama zimebaki ripoti kumi.

Daftari la maswali niliyoshindwa kuyajibu ninaendelea kulijaza. La wiki hii limeulizwa na binti mmoja: kwa nini, waya wa nyutro (ule unaorudisha mkondo) ulipokatika mtaani kwao, taa za nyumba moja ziliungua huku za jirani zikififia? Najua kati ya fazi mbili, yaani nyaya mbili zinazoleta umeme, kuna volti 415, na najua nyumba hizo zilikuwa kwenye fazi tofauti. Maelezo yenyewe nimeyaandika mara mbili kwa Kiswahili, na mara zote mbili nimeyafuta.