Je, Kutamani Kuhama Ni Kukosa Imani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Ninafanya kazi ya kutunza hesabu mbali na kwetu, katika kituo nilichopangiwa bila kukitaka. Nimesali novena baada ya novena nipate uhamisho, na bado sijajibiwa. Kwa kuwa ninajiambia nitaondoka wakati wowote, sijaweka hata mapazia katika chumba nilichopanga, na nimekataa kujiunga na kwaya ya parokia. Je, kutamani kuondoka ni kukosa imani? Tena, niendelee na novena hiyo hiyo?

JIBU: Milele na milele, amina. Kutamani kuondoka si kukosa imani, wala kuandika barua nyingine ya kuomba uhamisho si dhambi. (Na kama hapo ulipo unanyanyaswa, usiuite ukimya wako saburi, peleka malalamiko panapohusika.) Kilichonigusa zaidi katika barua yako ni mapazia.

Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishiwa Babeli barua iliyomo katika sura ya 29 ya kitabu chake. Wengi wetu tunaijua aya ya 11, inayosema kwamba Mungu anatuwazia amani wala si mabaya, na tunapenda kuiandika kwenye kadi. Ila ni wachache wanaoanzia aya ya 10, inayotaja kwamba miaka 70 itapita kwanza kabla hawajarudishwa kwao. Katika sura ya 28 Hanania, nabii wa uongo, alikuwa ameahidi miaka 2 tu, na sina shaka kwamba utabiri wake ndio uliopendeza masikioni. Yeremia anawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuoza, na zaidi ya hayo wauombee kwa Bwana mji ule ule walikohamishiwa, kwa maana katika amani ya mji huo wao nao watapata amani. Hawaambii waisahau Yerusalemu. Anawakataza kuishi kama abiria walioketi juu ya mizigo yao. Basi weka mapazia, dada yangu, na kwaya nayo uiendee.

Mwezi Novemba 1887, Mtakatifu Theresia wa Lisieux, akiwa na miaka 14, alimpigia magoti Papa Leo XIII kuomba aingie Karmeli, monasteri ya watawa, atakapotimiza miaka 15, akarudi nyumbani bila ruhusa mkononi. Idhini ya askofu ilipofika mwanzoni mwa 1888, monasteri nayo ikamtaka angoje hadi Kwaresima ipite. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba kwanza aliwaza kujilegeza katika miezi hiyo mitatu, kisha akaamua kuitumia kwa kumeza jibu lililokwisha kumfika mdomoni, na kwa kuwatendea watu wa nyumbani huduma ndogo bila kutaka zitambuliwe. Aliingia tarehe 9 Aprili. Kwangu, miezi ile inafundisha kuliko safari ya Roma, kwa sababu hakubakiwa na mtu wa kumwendea kumwomba.

Kuhusu novena, endelea nayo. Mfano wake ni zile siku 9 kati ya Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, ambapo mitume walidumu katika sala pamoja na Bikira Maria. Na Matendo ya Mitume, sura ya 1, inaeleza kwamba katika siku hizo hizo, kabla Roho hajashuka, walisimama wakamchagua Mathia kushika nafasi ya Yuda.