Maswali ya Wasomaji: Kutengeneza Gemu kwa Ridhaa

Barua nyingi tulizopokea kuhusu gemu za kompyuta zimetoka kwa watu ambao riziki yao iko kwingine, na ambao hutengeneza gemu usiku au mwisho wa juma kwa mapenzi tu. Tumechagua nne, na tumezifupisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitengeneza gemu moja yenye nchi nzima ya kutembea, vijiji, biashara, vita, na wachezaji wanaokutana kupitia intaneti. Kila nikirekebisha jambo moja, mengine mawili yanaharibika. Rafiki yangu ananishauri niiache Unity, injini (yaani programu ya kutengenezea gemu) ninayoitumia, nihamie Godot. Je, nihame?

JIBU: Ukihama leo utahama na mzigo uleule. Godot ni injini nzuri, na anayeanza kabisa ningempendekezea hiyo, kwa kuwa tangu mwaka 2014 ni programu huria yenye leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, haidai ada ya aina yoyote, na haihitaji kompyuta ya kifahari. Wewe, hata hivyo, umeshaizoea Unity. Ile ada ya kila gemu inaposakinishwa, iliyotangazwa Septemba 2023 na kuwakimbiza watengenezaji wengi, ilifutwa mwaka uliofuata. Na hata ingebaki, viwango vyake vya mapato vilikuwa juu mno kumgusa mtu wa ridhaa.

Kinachokuelemea ni ukubwa wa gemu yenyewe, hasa hicho kipengele cha wachezaji wengi. Pindi wachezaji wawili wanapokutana mtandaoni, mashine mbili zinazopokea habari kwa kuchelewa zinapaswa kukubaliana juu ya kila kitu, na swali jepesi kama nani amelifungua sanduku kwanza linaweza kukumalizia wiki nzima. Iweke gemu hiyo kando bila kuifuta, utengeneze nyingine inayoenea kwenye skrini moja.

Usione haya kuanza na kitu kama Pong, gemu ya kupigiana mpira kwenye skrini. Gemu hiyo ya mwaka 1972 yenyewe ilikuwa zoezi: Nolan Bushnell wa kampuni ya gemu ya Atari alimpa mhandisi wake mpya, Allan Alcorn, ambaye hakuwa amewahi kutengeneza gemu, ili ajifunze kazi. Vibao viwili na mpira vitakufundisha kusoma vitufe, kutambua mgongano, kuhesabu alama na kupiga sauti kwa wakati wake. Zaidi ya hayo, vitakulazimisha kutengeneza skrini ya kuanzia, kusitisha, kutangaza mshindi na kuanza upya, yaani kazi zile zisizovutia ambazo mtu asiyewahi kumaliza gemu hata moja hajui kwamba zipo wala zinakula muda kiasi gani.

Najua utanitajia gemu ya ukulima ya Stardew Valley, ambayo Eric Barone aliitengeneza peke yake, picha na muziki vikiwemo, hadi ikatoka mwaka 2016. Ni kweli, lakini ilimchukua zaidi ya miaka minne, akifanya kazi kwa saa nyingi kila siku. Saa moja ya usiku baada ya kazi nyingine haiwezi kupimwa kwa kipimo hicho.

SWALI: Mhusika wangu anatembea vizuri kwenye kompyuta yangu, lakini kwenye kompyuta ya kaka yangu anakwenda kasi kama risasi. Msimbo ni uleule. Tatizo ni nini?

JIBU: Bila shaka umeandika kwamba mhusika asogee pikseli (nukta za skrini) kadhaa kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa. Tuseme ni pikseli 5. Skrini inayochora fremu 60 kwa sekunde itamsogeza pikseli 300 katika sekunde hiyo, ilhali skrini ya fremu 144 itamsogeza pikseli 720. Andika mwendo wake kwa sekunde, yaani 300, kisha uuzidishe kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, ambao injini nyingi hukupa tayari kwa jina la delta. Kwenye skrini ya kwanza atasogea pikseli 5 kwa fremu na kwenye ya pili takriban 2.08, na wote wawili watafika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Kuna mtego mmoja kwa watumiaji wa Godot 4. Ukimwendesha mhusika kwa move_and_slide, amri hiyo huuhesabu muda huo yenyewe. Ukizidisha tena kwa delta, mhusika atatambaa kama aliyekwama, nawe utashinda unatafuta hitilafu mahali isipokuwepo.

SWALI: Nina gemu ya kurukia majukwaa ambayo sijamwonyesha mtu yeyote. Naogopa kuchekwa, na pia naogopa kuibiwa wazo. Niionyeshe lini, na wapi?

JIBU: Ionyeshe sasa, ingali na maboksi ya rangi mahali pa picha. Kuhusu kuibiwa, mtu anayeweza kumaliza gemu kwa kawaida ana mawazo yake mengi yanayomsubiri, kwa hiyo hofu hiyo usiilishe.

Mwanzoni mtafute mtu mmoja, umkalishe mbele ya gemu, ukae nyuma yake na ufunge mdomo. Hili la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika, kwa maana utatamani kumwambia abonyeze wapi, na ukimwambia tu, jaribio limekufa. Andika alipokwama, alipojaribu jambo ambalo hukulitarajia, na alipoacha kuitazama skrini.

Kwa gemu ya aina yako nabashiri lalamiko la kwanza: “Nimebonyeza, lakini hakuruka.” Ukikagua msimbo utakuta uko sahihi, kwa sababu mchezaji alibonyeza fremu mbili tatu baada ya mhusika kuuacha ukingo wa jukwaa, na msimbo wako unakataa kumrusha aliye hewani. Mchezaji naye hakosei, kwani macho yake yalimwona bado yuko ukingoni. Mpe mhusika muda mfupi wa huruma, tuseme sehemu ya kumi ya sekunde, ambazo ni fremu 6 katika fremu 60, ambamo bado anaruhusiwa kuruka. Fanya vivyo hivyo kwa anayebonyeza mapema kidogo kabla ya kutua: likumbuke ombi lake, ulitimize miguu inapogusa jukwaa. Celeste ya mwaka 2018, inayosifiwa kwa ugumu wake, imejaa huruma za namna hii, na watengenezaji wake wameuweka hadharani msimbo wa mhusika ili yeyote ausome. Gemu hiyo, kwa taarifa yako, ilianza kama gemu ndogo iliyotengenezwa kwa siku chache.

Mchezaji akikuambia kwamba mahali fulani panachosha, mwamini. Akikuambia namna ya kupatengeneza, msikilize kwa adabu kisha uamue mwenyewe, kwa kuwa yeye anajua anachohisi na wewe ndiye unayejua kilichomo ndani.

Baada ya hapo, ipakie itch.io, tovuti ya kusambazia gemu, iliyoanza mwaka 2013. Kupakia ni bure, na ukiitoa gemu kwa umbo la kivinjari, watu wataicheza bila kupakua kitu. Steam, duka la gemu la mtandaoni, inatoza dola 100 kwa kila gemu, nazo hurudishwa mapato yakifikia dola 1,000. Kwa gemu ya kwanza sioni sababu ya kuzitoa. Ikiwa unataka wachezaji ambao nao ni watengenezaji, shiriki Ludum Dare, shindano linalofanyika tangu mwaka 2002, ambalo katika kundi lake la wanaofanya kazi peke yao hutoa mada moja na saa 48. Washiriki huchezeana gemu na kuandikiana maoni, na asiyecheza za wenzake asitarajie wengi kuifungua yake.

SWALI: Je, naweza kutumia picha na muziki ninaoupata kwenye intaneti?

JIBU: Soma leseni ya kila faili. Nyingi utakazokutana nazo ni za Creative Commons, ambazo hufupishwa CC. CC0 inakuruhusu kila kitu bila sharti. CC BY inakudai umtaje aliyetengeneza. Yenye herufi NC hairuhusu matumizi ya kibiashara, na isiyo na leseni yoyote iache, hata kama imepatikana kwa urahisi. Fonti nazo zina leseni, jambo ambalo wengi hulisahau. Andika jina la faili, la aliyeitengeneza na la leseni yake siku ileile unapoipakua, maana baadaye hutakumbuka ilikotoka. Nawe ukiamua kuuachia umma msimbo wako, weka ndani yake faili la leseni, kwa mfano ile ya MIT. Bila hilo watu wataweza kuusoma, lakini hawatakuwa na ruhusa ya kuutumia.