Wanashuka boti ya jioni, asubuhi wanapanda SGR: walale wapi Dar?

Mkuu, nimesoma swali lako pamoja na majibu ya wadau waliotangulia. Wengi wamekutajia hoteli za ufukweni, naomba nikupe mawazo tofauti. Umesema dada yako na shemeji wanamaliza safari ya meli ya kitalii hapo Zanzibar, wanavuka kuja Dar na boti ya saa kumi jioni, wanalala usiku mmoja, kesho yake asubuhi wanapanda SGR, ile treni ya reli ya kisasa, kwenda Dodoma kumwona mama. Wote wamevuka miaka sitini, wana mabegi makubwa ya watu waliotoka Ulaya, na shemeji goti linamsumbua.

Jibu langu ni hili: walale mjini, katikati ya bandari na stesheni ya SGR. Wasiende Masaki wala Mbezi Beach, na wasivuke kwenda Kigamboni, hata mtu akiwaonyesha picha za bwawa la kuogelea. Bahari wameshaiona ya kutosha.

Nasema haya kwa sababu wakwe zangu wako Unguja, na wakija bara kwa matibabu au harusi mimi ndiye mpokeaji. Sisi tunakaa Chanika, pembezoni kabisa mwa jiji. Wakishuka boti ya mwisho na kesho wana safari ya alfajiri, huwa siwapeleki nyumbani, ingawa mke wangu mwanzoni alilichukulia kama jambo la aibu, kwamba wazazi walale hotelini na mtoto wao yupo mji huohuo. Siku hizi yeye ndiye anayepiga simu kuulizia vyumba.

Sababu ni foleni. Jioni Dar nzima inatoka mjini, asubuhi Dar nzima inaingia mjini. Boti ya saa kumi hutumia kama saa mbili hivi baharini, kwa hiyo inaegesha watu wakiwa wametoka makazini, daladala zimejaa na magari yameshikana. Ukimpeleka mgeni Masaki saa hiyo unaungana na wanaorudi nyumbani, halafu asubuhi unamrudisha mjini pamoja na walewale wanaokwenda kazini. Foleni mbili kwa usiku mmoja. Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022 limesaidia sana, kutoka upande wa hospitali ya Aga Khan unatokea Coco Beach upesi, lakini kufika kwenye daraja lenyewe saa hizo ni kazi. Kigamboni ndiyo kabisa: ama usubiri pantoni pale Magogoni na mabegi, ama uzunguke mpaka Daraja la Nyerere.

Mvua nayo uihesabu. Kama wanakuja wakati wa masika, Machi hadi Mei, usiwaweke Magomeni, Sinza wala Ubungo kwa kufuata unafuu wa bei. Bonde la Jangwani likijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa, na aliye ng'ambo ile anabaki kutafuta njia za kuzunguka huku treni inaondoka. Treni ya SGR haisubiri mtu.

Sasa angalia ramani ya mjini. Boti zinaegesha Barabara ya Sokoine, mkabala na kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile ambalo Wajerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902. Ukifuata barabara hiyohiyo kuelekea Gerezani unafika stesheni ya reli ya kati ya zamani, na stesheni ya SGR iko jirani yake, lile jengo lenye umbo la jiwe la tanzanite. Kutoka gati hadi stesheni hakufiki hata kilomita mbili. Kijana asiye na mzigo anatembea tu. Kwa shemeji na goti lake, teksi ya dakika chache inatosha. Chumba chochote kizuri kati ya nukta hizo mbili, au nyuma yake kidogo kuelekea Samora, Posta na Kisutu, kitawafaa kuliko hoteli ya nyota nyingi iliyo mbali.

Kama uwezo upo, hapo karibu kuna Johari Rotana kwenye hiyohiyo Barabara ya Sokoine, kuna New Africa upande wa Azikiwe, na kuna Kilimanjaro, ile iliyofunguliwa mwaka 1965 na ambayo sasa inaendeshwa na Hyatt, inayotazama bandari. Serena iko mbele zaidi, Mtaa wa Ohio, bado ni mjini. Kwa hizi sina maneno mengi, lifti zipo, umeme wa akiba upo, mapokezi ni saa ishirini na nne. Unalipia utulivu wa moyo.

Kwenye hoteli za kati na gesti ndiko kunakohitaji macho, na ndiko wengi wetu tunakolala. Mitaa ya Kisutu, Libya, Jamhuri na upande wa Kariakoo imejaa gesti, nyingine safi sana, nyingine za kukimbia. Usiangalie picha za mtandaoni pekee. Wewe upo Dar, pita mwenyewe siku moja kabla, omba kuonyeshwa chumba chenyewe watakacholala, si "kama hiki". Fungua bomba la bafuni uone maji yanakuja kwa nguvu gani, washa hita usubiri. Washa kiyoyozi ukae nacho kidogo, kuna vinavyotoa baridi ya dakika tano kisha vinaguna tu. Tazama neti kama ina matundu. Halafu fungua dirisha na utazame chini.

Hilo la dirisha ninalisisitiza. Kuna gesti moja niliwapangia wakwe zangu, shuka zinanukia sabuni, sakafu inang'aa, mhudumu ana heshima. Usiku umeme ukakatika, jenereta ya duka la jirani ikawashwa, na kumbe imekaa kwenye njia ya kando, chini kabisa ya dirisha lao la ghorofa ya kwanza. Moshi wote unapanda chumbani. Mama mkwe ana pumu. Walifunga dirisha wakalala na joto, na asubuhi macho yake yalikuwa mekundu kabla hata ya kuanza safari. Mhudumu alisema jenereta si ya kwao, na ni kweli haikuwa ya kwao, lakini chumba walikiuza wao na walijua. Tangu siku ile naomba chumba cha nyuma au cha juu, na nauliza waziwazi: umeme ukikatika, ni nini kinawashwa na kipo wapi?

Lifti pia uulize, na uulize kama inafanya kazi leo. Majengo mengi ya Kisutu ni ya zamani, ngazi zake ni nyembamba na zimesimama. Kwa goti la shemeji, ghorofa ya tatu bila lifti ni adhabu, na mabegi yale nani atayabeba? Kama hakuna lifti, omba ghorofa ya chini kabla ya kulipa.

Waandalie na mambo ya mapokezi, maana wamekaa nje muda mrefu. Gesti zetu bado zina lile daftari kubwa la wageni: jina, umri, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho, sahihi. Dada yako asishangae kuulizwa kabila, ajaze tu. Pasi za kusafiria wawe nazo mkononi, zisizikwe chini ya begi. Kuna nyumba za wenyeji wenye msimamo wa dini ambazo huuliza cheti cha ndoa kwa mwanamume na mwanamke wanaochukua chumba kimoja. Kwa wazee mara nyingi hawasumbui, ila wewe uliza kwenye simu ili wasije kusimama kaunta wakijieleza.

Kuhusu malipo, tangu Machi 2025 kanuni zinataka huduma za hapa nchini zitajwe bei na kulipwa kwa shilingi. Kwa hiyo wakitajiwa dola, waombe bei ya shilingi. Uliza pia kama kodi ya ongezeko la thamani imo kwenye bei au itaongezwa, asilimia 18 si ndogo kwa chumba cha bei ya juu, na kama chai ya asubuhi imo.

Hiyo chai sasa. Hoteli nyingi zinaanza kutoa chai kuanzia saa kumi na mbili na nusu au saa moja. Kama treni yao ni ya alfajiri, wataondoka kabla jikoni hakujawashwa moto. Ongea na mapokezi jioni ileile wawafungie: mayai ya kuchemsha, mkate, matunda, chupa ya maji. Hoteli inayojali wageni haitakataa. Mimi hii ndiyo huwa naitumia kama kipimo. Nikipiga simu nikasema "wageni wangu wataondoka saa kumi na moja alfajiri, mtawasaidiaje?" na anayejibu akanipa mpango, chumba nalipia. Akijibu "watajijua wakifika", natafuta kwingine. Stesheni ukaguzi unafanana na wa uwanja wa ndege, mizigo inapita kwenye mashine, tiketi na kitambulisho vinaangaliwa, na mlango hufungwa kabla ya muda wa kuondoka. Wawe pale saa nzima kabla, zaidi kama unaweza. Tiketi uwakatie mapema, kwa majina yaleyale ya kwenye pasi.

Pale gatini wanaposhuka, nenda mwenyewe. Usimtume kijana wasiyemjua. Watu wanatoka kwa pamoja, wapagazi wanashika mabegi kabla hujasema neno, madereva wanaita kutoka kila upande, na mtu aliyetoka kwenye meli ya kitalii amezoea kubebewa mzigo na kupelekewa mlangoni, atamwachia yeyote. Kubaliana bei na mpagazi kwanza, mmoja tu, mtembee naye sambamba. Simu ziwe ndani ya mkoba, maana kuna wanaokwapua wakiwa kwenye pikipiki. Na kama ni kipindi cha kusi, Juni hadi Septemba, bahari huchafuka, watu hutapika sana kwenye boti. Wanaweza kushuka hoi hata kama meli yao kubwa haikuwatikisa, hizi boti ni nyepesi. Ukiwa na maji ya baridi na ndizi mkononi utakuwa umewatendea jambo kubwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka chumba kilicho dakika tano kutoka hapo.

Chakula cha usiku kinategemea siku. Siku za kazi mjini kuna kila kitu. Jumapili Posta na Samora hufungwa, mitaa inabaki kimya na walinzi tu kwenye viti vyao, na si pa kuwatembeza wazee gizani wakitafuta wali. Siku hiyo wale hotelini, au uwapeleke kwa gari Kisutu na Upanga ambako mishkaki na kuku wa kuchoma hawakosekani jioni. Dada yako kama anakumbuka Dar ya zamani atataka kuzunguka kidogo. Wakifika na nguvu, mpitishe na gari taratibu tu: Boma la Kale la enzi za Sultani Majid liko hapohapo Barabara ya Sokoine, sanamu ya Askari iko Samora. Nusu saa inatosha, kisha wakalale.

Kuna mdau hapo juu amependekeza walale karibu na uwanja wa ndege. Kwa safari ya SGR haina maana kabisa. Hata kwa mwenye ndege ya asubuhi mimi bado ningemlaza mjini: jioni ataikwepa foleni ya Barabara ya Nyerere, na alfajiri atatoka mjini wakati wenzake wanaingia, njia nyeupe mpaka Terminal 3. Kwa anayekwenda mikoani kwa basi kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis ni habari nyingine. Kule ni mbali, zaidi ya kilomita ishirini, na kwa basi la alfajiri ningemtafutia chumba hukohuko Mbezi au Kimara, mvua ikiruhusu.

Jambo la mwisho ulifikirie kabla hujalipia chochote. Kama treni watakayopata ni ya mchana au jioni, usiwalete Dar usiku. Walale Unguja usiku wa mwisho, wapande boti ya kwanza ya saa moja asubuhi wakati bahari mara nyingi imetulia, wafike hapa saa tatu. Wapumzike, wale chakula cha mchana, wapande treni. Unaweza kuwachukulia chumba cha matumizi ya mchana, hoteli kadhaa za mjini hukubali ukiongea nao vizuri.

Kwa hiyo niambie treni yao ni ya saa ngapi, na bajeti ya chumba ni kiasi gani. Nikijua hayo mawili nitakutajia mtaa na nyumba za kwenda kukagua, na kama ni siku ya kazi naweza kupita mwenyewe nikitoka ofisini.