Nianze na Makeba yupi?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina kibanda umiza cha kuonyesha video hapa Ndoro, Lindi. Kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa wameniomba jioni moja niwaonyeshe Miriam Makeba, yule mwimbaji wa Afrika Kusini. Wengi wamemsikia redioni tu, hawajamwona akiimba. Ninalo tamasha la Harare, lina rangi na umati mkubwa, na la Stockholm ambalo halina rangi. Nianze na lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na Stockholm.

Onyesho hilo lilirekodiwa mwaka 1966 kwa ajili ya televisheni ya Sweden, katika ukumbi wa Berns. Makeba ana miaka 34, na ni mwaka wa sita tangu Makaburu wamfungie njia ya kurudi kwao: mama yake alifariki mwaka 1960, naye alipotaka kwenda kuzika akakuta pasi yake imefutwa. Mjue hilo kabla hamjaanza kumtazama.

Ukifika kwenye wimbo wa Khawuleza, tega sikio. Kabla ya kuimba anaeleza kwa Kiingereza kwamba watoto wakiona gari la polisi linaingia mtaani, hupiga kelele: mama, fanya haraka, wasikukamate! Simamisha picha hapo, uwatafsirie kina mama taratibu.

Mimi nimezaliwa Newala. Msimu wa korosho mama yangu alikuwa akipika nipa, pombe haramu ya mabibo, ndiyo iliyotununulia madaftari na sare. Sisi watoto tulipanda mwembeni kuchungulia askari. Tukiwaona, tunaita kwa Kimakonde, naye anabeba mtungi anakimbilia mihogoni. Siku nilipomwona Makeba akiuimba wimbo huo nilikuwa mtu mzima na watoto wangu, mama ameshazikwa. Nilirudia pale pale mara nne. Redioni nilikuwa nimeusikia miaka mingi bila kujua unasema nini.

Harare uiweke ya pili. Ni Februari 1987, uwanja wa Rufaro, katika tamasha la Paul Simon, mwanamuziki wa Marekani. Wimbo wa Soweto anaouimba Makeba, kuhusu watoto waliopigwa risasi mwaka 1976, ulitungwa na Hugh Masekela aliyewahi kuwa mumewe, naye yumo humo humo jukwaani. Umati ni mkubwa kweli, lakini Stockholm kamera inamkaribia mpaka unamwona anavyovuta pumzi.

Kama unaweza, tafuta pia A Luta Continua, uliotungwa na binti yake, Bongi, kwa ajili ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Huko kwetu kusini wapo bibi waliowapokea wakimbizi waliovuka Ruvuma. Hao waweke viti vya mbele.

Wakikuuliza alifia wapi, waambie Italia, Novemba 9, 2008, usiku ule ule aliotoka kuimba jukwaani. Malaika uweke mwisho kabisa, na uupunguze sauti. Wataumalizia wenyewe.